Hela ikikata, usianze kukata dawa

Kwa nini watu huugua zaidi uchumi ukiyumba?

Kibarua kikiota nyasi, kitoweo ndicho hutangulia kuondoka, kisha dawa za kila siku, halafu nauli ya kliniki. Serikali nazo hubana matumizi. Nchini Ugiriki, katika msukosuko wa uchumi, maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga dawa za kulevya yalitoka takriban 15 kwa mwaka hadi zaidi ya 200 mwaka 2011. Sindano safi hazikuwatosha.

Vidonge vya presha naweza kumeza siku moja, nikaruka moja?

Usifanye hivyo. Presha hupanda bila maumivu, na kiharusi hakipigi hodi. Propranololi, mojawapo ya dawa za presha, ni hatari hasa: ukiiacha ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kikabana. Mweleze daktari waziwazi kwamba hela imepungua, akuandikie dawa kwa jina lake lenyewe, si jina la kampuni. Bei hushuka, kazi ni ileile. Insulini ndiyo usithubutu kupunguza kwa uamuzi wako. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa za VVU na za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, Tanzania na Kenya.

Mtoto je? Naweza kuongeza maji ili maziwa ya kopo yafike mwisho wa mwezi?

La. Maji yakizidi, chumvi ya mwilini hushuka na mtoto anaweza kupata degedege. Fuata kipimo cha kopo. Chini ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hahitaji.

Kwa aliyevuka miezi 6, uji mwepesi hujaza tumbo tu. Chota kijiko, kiinamishe: ukichuruzika kama chai, haufai, unapaswa kushuka taratibu, mzito. Koroga humo kijiko cha dagaa waliosagwa laini au karanga za kusaga.

Mume wangu amepoteza kazi, halali, hasemi. Nifanyeje?

Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, ondoa sumu ya panya na dawa za shambani nyumbani, asibaki peke yake, na mfike kituo cha afya siku hiyohiyo.