Fahirisi ya glaisemia: kwa nini wanga wa githeri na wanga wa mkate haufiki kwenye damu kwa mwendo mmoja

Fahirisi ya glaisemia ni nambari inayoonyesha jinsi wanga uliomo katika chakula fulani unavyopandisha sukari ya damu, ukilinganishwa na kiasi kilekile cha glukosi tupu. Glukosi hupewa 100, na vyakula vingine hupimwa kwa kuilinganisha nayo: 55 kwenda chini huhesabiwa kuwa fahirisi ndogo, 56 hadi 69 ni ya wastani, na 70 kwenda juu ni kubwa. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka wa 1981 na David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wakati ambapo wagonjwa wa kisukari walifundishwa kwamba vitu vitamu ndivyo vinavyopandisha sukari upesi, na kwamba mkate, viazi na nafaka huipandisha polepole. Vipimo havikuunga mkono mafundisho hayo. Mkate mweupe ulipata takriban 75, ilhali sukari ya kawaida tunayotia kwenye chai ina takriban 65, kwa kuwa nusu yake ni fruktosi, yaani sukari ya matunda, ambayo hupitia kwenye ini kabla ya kugeuzwa. Anayekunywa chai ya mkandaa isiyo na sukari huku akila vipande vinne vya mkate mweupe bado amekula chakula kinachopandisha sukari kwa kasi, hata kama ulimi wake haukuonja utamu wowote.

Nambari hiyo hupatikana kwa njia iliyo wazi. Watu wapatao kumi, ambao hawajala tangu usiku, hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaoweza kumeng'enywa, kisha damu yao hupimwa mara kadhaa kwa muda wa saa mbili, na vipimo huchorwa kama mstari unaopanda na kushuka. Siku nyingine hunywa gramu 50 za glukosi na kupimwa vivyo hivyo, halafu eneo lililo chini ya mchoro wa kwanza hulinganishwa na lile la pili. Hivyo basi kila nambari unayoiona ni wastani wa watu waliokula chakula kimoja peke yake, jambo ambalo katika nyumba zetu hutokea kwa nadra sana. Hata mtu mmoja akirudia chakula kilekile siku mbili tofauti, majibu yake hayalingani kikamilifu.

Ili kuelewa kwa nini vyakula hutofautiana, litazame sahani la githeri. Punje ya mahindi imefungwa ndani ya ganda lake, na ndani ya haragwe wanga umehifadhiwa katika visanduku vidogo vyenye kuta za nyuzinyuzi ambazo hazivunjiki zote hata baada ya kuchemshwa kwa saa nyingi. Vimeng'enya vya utumbo mdogo hulazimika kuingia taratibu, na glukosi hutiririka kidogo kidogo kuelekea kwenye damu, kwa mwendo ambao hata kongosho lililodhoofika linaweza kuuendea kwa insulini iliyobaki, homoni inayoshusha sukari ya damu. Ndiyo maana maharagwe, ndengu na kunde kwa kawaida huwa na fahirisi ndogo. Sasa chukua mahindi yaleyale, yakoboe, yasage hadi yawe laini, kisha uyasonge kwa maji yanayochemka: zile kuta zimekwisha vunjwa na mashine, wanga umefura kwa maji na joto, na kazi ya kumeng'enya imefanywa nusu kabla ya tonge kufika mdomoni.

Hapa ndipo ushauri unaosikika sana Nairobi, kwamba mwenye kisukari ale ugali wa wimbi au mtama, unapohitaji kuelezwa kwa uangalifu zaidi. Shangazi yangu, anayeishi Kayole, alishika ushauri huo kwa moyo wote alipogunduliwa kuwa na kisukari. Aliacha unga wa pakiti, akaanza kununua wimbi na kulipeleka kisiagi, na asubuhi akawa anakunywa bakuli mbili za uji mzito, kwa kuwa aliambiwa kwamba chakula hicho hakina madhara. Daftari lake la vipimo lilionyesha kwamba sukari ya saa nne asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa siku. Hakuwa amedanganywa kuhusu wimbi, maana lina nyuzinyuzi na madini mengi kuliko mahindi yaliyokobolewa. Tatizo ni kwamba unga uliosagwa laini na kugeuzwa uji hupita tumboni upesi, na bakuli mbili ni wanga mwingi, uwe wa rangi nyeupe au ya kahawia. Alipopunguza uji hadi kikombe kimoja na kuongeza yai la kuchemsha, daftari lilianza kusomeka vizuri zaidi. Naona wengi wakipita njia aliyoipita, na inaniuma kwamba juhudi kubwa kiasi hicho hupotea kwa kukosa maelezo ya dakika tano.

Suala la kiasi ndilo lililoleta dhana ya pili, mzigo wa glaisemia, iliyotolewa na watafiti wa Harvard mwaka wa 1997. Hesabu yake ni rahisi: fahirisi ya chakula huzidishwa kwa gramu za wanga zilizomo katika kiasi ulichokula, kisha jibu hugawanywa kwa 100. Jibu la 10 au chini yake ni mzigo mdogo, na la 20 kwenda juu ni mkubwa. Tikiti maji huorodheshwa mara nyingi likiwa na fahirisi inayozidi 70, na kuna wagonjwa waliolikimbia kwa sababu hiyo. Lakini gramu 100 za tikiti hazina hata gramu 8 za wanga, kwa hiyo kipande cha kawaida kina mzigo wa kama 5 au 6. Kwa upande mwingine, sahani ya kibandani yenye gramu 300 za wali mweupe ina takriban gramu 84 za wanga, na kwa fahirisi ya 73 mzigo wake unazidi 60. Mtu anayekataa tikiti kisha akamaliza sahani hiyo ameepuka kidogo na kukaribisha kingi.

Upishi nao hubadilisha mambo. Kiazi kitamu kilichochemshwa huwa na fahirisi ndogo kuliko kile kilichochomwa au kuokwa, na ndizi mbichi hubeba wanga mgumu kumeng'enywa ambao hugeuka sukari kadiri ndizi inavyoiva. Wali au viazi vilivyopikwa vikapoa hurejesha sehemu ya ugumu huo wa wanga, ingawa tofauti yake si kubwa kiasi cha kumruhusu mtu kuongeza sahani.

Inafaa pia kusema kwamba fahirisi ndogo si cheti cha afya. Katika majedwali ya kimataifa viazi vya kuchemsha vina takriban 78 na chipsi takriban 63, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni. Hakuna daktari ambaye kwa hilo angemshauri mgonjwa ahamie kwenye chipsi, kwani moyo na mishipa ya mwenye kisukari tayari vimo hatarini. Nyama, mayai na samaki havina wanga wa kupima, kwa hiyo havina fahirisi kabisa, na sukuma wiki, terere na managu vina wanga mdogo mno kusumbua mtu.

Kwa hiyo jedwali la nambari humsaidia mgonjwa pale tu anapolisoma pamoja na sahani yake. Ugali wa ukubwa wa ngumi moja, ulioliwa na omena na mboga za kujaza nusu ya sahani, hautendi kama ugali wa ngumi tatu wenye mchuzi tu, na tafiti zimeonyesha kwamba kuanza na mboga na protini kabla ya wanga hupunguza kilele cha sukari baada ya mlo. Jibu la mwisho hutolewa na glukomita, kile kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu: pima kabla ya kula, pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza, andika ulichokula na kiasi chake. Kwa watu wazima wengi lengo la baada ya mlo ni chini ya 10.0 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu), ingawa kliniki yako inaweza kukuwekea lengo jingine.

Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, asipunguze wanga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na anayemtibu, kwa sababu dawa itaendelea kushusha sukari hata kama chakula kimepungua, na hata mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayekula kwa uangalifu mkubwa hawezi kuacha insulini. Sukari ikishuka chini ya 4.0 mmol/L, huku mikono ikitetemeka na jasho likimtoka, mambo hugeuka: chakula cha fahirisi ndogo hakifai kabisa wakati huo, kwa kuwa kitachelewa. Anahitaji gramu 15 za wanga wa haraka, yaani vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitalini. Githeri kitakuja baadaye, sukari ikishapanda, ili isishuke tena.