Delta minasi kwa sapoti si ruhusa ya kuuza

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, ya mwisho ni kijana alikuja na laptopu yake mpaka hapa Kondele. "Bro, delta iko minasi kali na tuko kwa sapoti, si niuze?" Na alikuwa ameshauza, low kabisa ya siku. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, wacha niandike. Delta ni kontrakti zilizonunuliwa kwa haraka ukitoa zilizouzwa kwa haraka, na sapoti ni levo ya bei ambapo kushuka kulisimama awali.

Kila kontrakti iliyouzwa kuna mtu ameinunua. Kwa hivyo hiyo maneno ya "leo wauzaji ni wengi" itoeni kichwani. Swali ni nani ana haraka na nani amekaa. Mwenye haraka anapiga maketi oda, yaani anachukua bei iliyoko, mwenye subira ameweka limiti, yaani ametaja bei yake anangoja, na delta inahesabu wenye haraka peke yao.

Enda Kibuye Jumapili asubuhi. Mnunuzi mmoja wa omena ametaja bei yake na hasogei. Wauzaji wanamiminika, kila mtu anataka kumaliza arudi nyumbani, na ukisikiliza zile kelele utaapa bei inaanguka. Haianguki, jamaa anameza tu gunia baada ya gunia. Sasa wenye omena wakiisha na mwingine afike anaitaka, bei itaenda wapi?

Kwa chati ni hivyo hivyo. Tuseme MES, ile fyucha ndogo ya hisa za Marekani za S&P 500, imeshuka mpaka low ya jana, futprinti (chati ya volyumu kwa kila bei) inaonyesha kontrakti 900 zimepigwa kwa bidi, yaani zimeuzwa kwa wanunuzi wanaongoja, zingine 700 tiki moja chini (tiki ni hatua ndogo kabisa ya bei), na bei imekataa kwenda. Hiyo ndiyo absopsheni, kumeza oda, na hapo ndipo mnanikasirisha mara ya pili, maanake mtu akiiona tu anabonyeza bai. Ngoja! Huyo anayemeza oda yake inaweza kujaa, anaondoka, na levo inapasuka ukiwa ndani. Mimi nataka wauzaji warudi tena pale pale wakiwa na volyumu kidogo, washindwe, halafu wanunuzi wenye haraka waanze kupiga ofa (bei ya wauzaji wanaongoja) na bei isogee kweli, tiki tatu nne hivi. Stopu, ile oda ya kukutoa ukikosea, iwe chini ya low. Tiki ya MES ni dola 1.25, kwa hivyo kungoja tiki nne kumekugharimu dola 5 kwa kontrakti, na hiyo mimi nalipa bila kunung'unika.

Levo uwe umeichora kabla. Katikati ya renji delta ni kelele tu.

Na volyumu ya forex kwa ile programu ya broka wako si oda flo, yaani mtiririko halisi wa oda; forex ya spoti, ya papo hapo, haina soko moja, hapo unahesabiwa tu bei imebadilika mara ngapi kwa huyo broka. Euro iangalie kwa fyucha za soko la CME kule Chicago, kontrakti ya Euro 125,000.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Anayemeza anaweza kuwa anaheji opsheni zake tu, yaani anajikinga na hasara ya dau lingine, hana maoni yoyote kuhusu bei, na kwa skrini picha ni ile ile. Absopsheni safi kabisa, imengoja kila kitu nilichotaja, imeshanipiga stopu mara nyingi.

Kijana nimemwambia arudi Jumatatu saa kumi na nusu jioni, New York ikifungua, tuangalie low ya Ijumaa pamoja, maosi ikiwa mbali.