Kukoroma si ushahidi wa usingizi mnono

Mtwara kama Lindi, mtu akikoroma husemwa amechoka na shamba la mikorosho, mwacheni, usingizi umemkolea. Si kweli kwa kila akoromaye. Kwa baadhi yao koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo humshtua avute hewa kwa nguvu. Ugonjwa huu huitwa apnea ya usingizi. Kwa mtu mzima, mikatiko 30 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa ugonjwa mkali. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia, na shinikizo la damu linaweza kupanda. Dereva wa basi la Dar es Salaam mwenye hali hii ndiye anayenitia hofu zaidi.

Mwombe mwenzako wa kitandani akurekodi kwa simu, kisha umwonyeshe daktari, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, na umuulize kipimo cha usingizi kinapatikana wapi.

Tiba ipo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha matokeo ya mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe. Mashine nyingi za sasa hutunza kumbukumbu: saa ulizoivaa, hewa inayovuja, pumzi zilizokatika. Hizo ni taarifa zako. Omba ufundishwe kuzisoma, ziandike, nenda nazo kliniki. Barakoa ikikubana usiifungie kabatini, maana zipo za ukubwa na maumbo mbalimbali. Mgandamizo wa hewa wa mashine, hata hivyo, usiubadilishe kabla ya kukubaliana na daktari.