Kostiki soda haigeuki kuwa dizeli
Wengi wanaojaribu kutengeneza dizeli kwa mafuta ya alizeti au mawese wana imani moja sugu: kwamba kostiki soda ndiyo inayoyageuza mafuta, kwa hiyo ukiizidisha utapata dizeli nyingi zaidi. Sivyo. Kinachoungana na mafuta ni methanoli, aina ya alkoholi, takriban mililita 200 kwa lita moja (nayo ni sumu, hata mvuke wake, si kazi ya kufanyia jikoni). Soda ni kichocheo tu. Inaharakisha kazi, kisha nyingi yake huzama pamoja na gliserini, kimiminika kizito kinachojitenga na dizeli, chini ya chombo.

Kwa mafuta mapya, gramu 3.5 hivi za soda kwa lita zinatosha, kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60, kwa saa moja. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi huhitaji zaidi kidogo, kwa sababu yana asidi huru (asidi ya mafuta iliyojitenga yalipopashwa moto) inayoila soda kwanza. Nadhani hapo ndipo imani hii ilipopata nguvu. Lakini soda ikizidi, au maji yakiwemo, unapata sabuni: uji mzito usiokubali kujitenga hata ukiuacha usiku kucha. Asidi huru ikiwa nyingi mno, mafundi huanza na asidi ya salfa, ndipo soda ifuate.