Ghala la Git ndani ya flashi

Mchana nasimamia seva katika ofisi moja hapa Upper Hill, jioni narudi Umoja ilipo laptopu yangu. Kati ya kompyuta hizo mbili kuna flashi ya GB 32 inayoning'inia kwenye funguo za nyumba. Humo nabeba maandishi yangu, skripti za kazi ndogondogo, na hesabu za chama chetu, maana mimi ndiye mweka hazina.

Zamani nilikuwa nakopi folda nzima, kwenda na kurudi. Jumamosi moja niliingiza michango nyumbani. Jumatatu nikasahihisha faili hiyohiyo ofisini kabla ya kuchomeka flashi, na jioni nikaikopi kwenye laptopu. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe faili iliyopo, nikabonyeza ndiyo. Michango ya watu saba ikaenda. Ilibidi niwapigie simu mmoja mmoja, nikiomba wanitumie tena ujumbe wa M-Pesa. Kumwomba mama wa watu athibitishe kwamba alilipa, ilhali alilipa, kuliniuma sana.

Kukopi hakujui kilichotokea jana. Kunaona jina la faili na tarehe, basi. Git, programu ya kutunza historia ya faili ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kernel (kiini cha mfumo) ya Linux, inafanya kazi kwa namna nyingine: kila unapohifadhi hatua, inachukua hali ya folda nzima, inaandika jina lako na saa, kisha inaifunga kwenye hatua iliyotangulia. Hivyo inajua nani alianzia wapi. Watu wengi hudhani lazima uwe na intaneti na akaunti mahali fulani. La. Folda kwenye flashi inatosha kabisa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuweka faili zenyewe kwenye flashi na kuzihariri humo humo. Usifanye hivyo. Kwenye flashi weka ghala lenye historia peke yake, lisilo na faili za kufungua (DARAJA ni jina la flashi yangu):

git init --bare /media/mimi/DARAJA/chama.git

Kila kompyuta inachukua nakala yake kwa git clone, na kila nakala inabeba historia yote. Kabla ya kuondoka ofisini natumia git add -A na git commit kuhifadhi hatua, halafu git push kuisukuma kwenye flashi. Nikifika nyumbani, kabla ya kugusa chochote, git pull, kuvuta yaliyomo kwenye flashi.

Na nikisahau? Hapo ndipo ninapoipenda Git. Mwezi uliopita nilirekebisha mchango wa mwanachama mmoja ofisini bila kuvuta kwanza kazi ya nyumbani. Nilipotaka kusukuma, Git ikakataa ikiandika rejected, kwa sababu ghala lilikuwa na hatua ambayo kompyuta ya ofisi haikuwa nayo. Haikufuta kitu. Nikavuta, na kwenye mstari ule mmoja uliogongana ikaniwekea alama za mishale: juu 2000 niliyoiandika ofisini, chini 2500 iliyokuja na flashi. Nikaangalia ujumbe wa M-Pesa, nikabakiza 2500, nikafuta mishale, nikahifadhi. Mistari mingine yote ilikuwa imeshaunganishwa. Matoleo mapya ya Git yatakutaka useme mapema unataka kuunganisha vipi. Mimi nimeweka git config --global pull.rebase false, yaani iunganishe tu kazi za pande mbili.

Hayo yanawezekana kwa sababu hesabu zangu ni maandishi ya kawaida, CSV, yaani jedwali ambalo thamani zake zimetenganishwa kwa koma. Faili za Word na Excel Git inazitunza, lakini zikigongana utachagua moja nzima. Video na picha usiziweke, ghala litavimba. Hizo zipe rsync, programu ya kukopi yaliyobadilika tu.

Flashi nyingi huja na mpangilio wa faili wa FAT32 au exFAT, ambao hauandiki mwenye faili ni nani. Tangu mwaka 2022 Git inakagua umiliki huo, kwa hiyo kwenye Windows inaweza kugoma kufungua ghala lako mwenyewe. Ongeza njia ya ghala hilo kwenye safe.directory, orodha ya folda ambazo Git inaziamini, itakubali. Na tafadhali, usichomoe flashi kwa sababu tu maandishi yamesimama kwenye skrini. Data huwa bado inasubiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Iondoe kwa utaratibu kwanza; kwenye Linux naandika pia sync na kungoja ikamilike. Mara mojamoja naendesha git fsck ndani ya ghala kuona kama kuna kilichoharibika.

Jambo la siri pia. Flashi yangu inapita stendi za matatu kila siku, na daftari la chama lina namba za simu na za vitambulisho vya watu. Git haifichi chochote, na ukifuta namba leo bado imo kwenye historia. Kwa hiyo ghala langu limo ndani ya VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nenosiri, na nenosiri lenyewe halimo kwenye flashi.

Wiki jana flashi hiyo ilikufa. Nilipitia Luthuli Avenue nikanunua nyingine, nikaifunga kwa VeraCrypt, nikaipa lebo ileile DARAJA, kisha kutoka laptopu nikaandika git clone --bare kurudisha ghala lote humo. Kwa kuwa njia haikubadilika, asubuhi kompyuta ya ofisi ilisukuma kama kawaida.