Desibeli 96, lakini kutoka wapi?

Ukizuka mjadala wa pikipiki zilizotolewa sailensa hapa Kampala, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasema: "Sheria inaruhusu desibeli 50, hiyo piki inatoa 96. Karibu mara mbili!" Mwenye piki naye anajibu kwamba malori ya mchanga yanapiga kelele zaidi na hayaguswi. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia steji, nimeyasikia kwa watu wenye digrii zao. Namba hizo mbili hazistahili hata kukaa kwenye sentensi moja.

Desibeli ni kipimo kinacholinganisha sauti fulani na sauti ndogo kabisa ambayo sikio lenye afya linaweza kuisikia. Hiyo ndiyo maana yake, haina mambo mengi. Jina limetoka kwa Alexander Graham Bell, yule wa simu. Wahandisi wa simu wa Marekani, miaka ya 1920, walitaka kujua sauti inafifia kiasi gani ikisafiri ndani ya waya mrefu. Waya haupunguzi kwa kutoa, unapunguza kwa kugawa: kila kipande kinakula sehemu ya kile kilichobaki. Ndiyo maana kipimo chao kinapanda kwa kuzidisha. Beli moja ni mara 10, na desibeli ni sehemu ya kumi ya beli.

Basi hiyo "mara mbili" ifutwe kwanza. Namba ikipanda kwa 10, nishati ya sauti imezidi mara 10; ikipanda kwa 20, mara 100. Kutoka 50 hadi 96 ni karibu mara 40,000. Sikio lina huruma kidogo, kwake kila 10 husikika kama maradufu, lakini hata hivyo 96 ni zaidi ya mara 20 ya 50. Na piki mbili za 96 zikiunguruma pamoja hazifiki 192, zinatoa 99. Kumi zinatoa 106.

Lakini kosa la hesabu ninalivumilia. Linaloniudhi ni la umbali.

Fundi akiinama nyuma ya piki aina ya Boxer iliyochokonolewa, simu mkononi karibu na mdomo wa ekzosi, akapaza sauti "tisini na sita!", anapima kelele inayotoka kwenye mashine. (Simu yenyewe si kipima sauti cha kuaminika, ila tuiache hiyo.) Ile 50 anayomtajia mwenzake haihusu mashine hata kidogo. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, zinaweka viwango vya mahali: nyumba za makazi 50 mchana na 35 usiku, maeneo ya viwanda 70 na 60. Usiku unaanza saa 4 na kuisha saa 12 asubuhi. Hiyo ni kelele inayofika pale watu wanapoishi, itoke kwa piki, baa au spika za kanisa.

Kelele inayotoka na kelele inayofika ni vitu viwili, na katikati yake kuna umbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, namba inashuka kwa 6 hivi. Piki yenye 96 ikipimwa nusu mita kutoka kwenye bomba itakuwa na 90 kwa mita moja, 84 kwa mbili, 72 kwa nane, na kama 60 ukiwa mita 32. Kwa hiyo anayesema mtaa unapigwa na 96 anakosea. Anayesema kelele ikifika dirishani imekwisha anakosea zaidi, kwa sababu 60 juu ya 35 ya usiku ni nishati zaidi ya mara 300.

Huko wanakopima pikipiki zenyewe, umbali ni sehemu ya kipimo. Kipimo cha piki iliyosimama huwekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45. Marekani, kikomo cha 80 kwa pikipiki mpya hupimwa ikipita mita 15 hivi kutoka kwenye kipima sauti. Ukiondoa zile mita 15, 80 hiyo haina maana.

Tena viwango vyetu vya mahali ni wastani wa muda. Piki moja ikipita saa 8 usiku inaamsha watoto wa mtaa mzima kwa sekunde kumi, kisha wastani wa saa nzima unaimeza. Isitoshe, kipimo kinachotumika hupunguza sauti nzito ili kifanane na sikio, na piki ya silinda moja inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hulipua mafuta mara 33 hivi kwa sekunde. Mdundo huo ni mzito mno, kipimo karibu kinaufuta, ilhali vioo vya dirisha vinatetemeka. Mlalamikaji anayeambiwa "mashine inaonyesha kawaida" huenda hajatia chumvi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa steji, nawe jirani unayetaka piki zikamatwe: endeleeni kubishana, hoja zipo pande zote. Ila mkitaja 96, semeni ilipimwa umbali gani. Mkitaja 50, semeni ni ya makazi, ya mchana, na ni ya mahali, si ya piki.