Vichupa vya roki vya miaka ya 2000: "Hiyo kompyuta tu" na uzushi mwingine

Mtu akiona kioja kwenye kichupa, yaani video ya wimbo, siku hizi, ana jibu moja tu mdomoni: hiyo kompyuta. Nalisikia kila ninapowaonyesha vijana wa nyumbani vichupa vya roki tulivyokuwa tukikesha navyo miaka ya mwanzo ya 2000. Mara nyingi wanakosea. Nasi enzi hizo tulikuwa na uzushi wetu, tena mwingine wa kuaibisha.

"Zile ngoma zimenakiliwa kwa kompyuta."

Hili ndilo ninalobishania zaidi. Katika "The Hardest Button to Button" ya The White Stripes (2003), bendi ya watu wawili, Jack White na Meg White, Meg anapiga ngoma mitaani New York, na kila pigo linazaa seti nyingine, mpaka ngoma zinajipanga foleni barabarani. Hakuna aliyenakili chochote. Mwongozaji, Mfaransa Michel Gondry, alikusanya seti 32 za ngoma zinazofanana, amplifaya 32 na stendi 16 za maikrofoni. Meg anakaa, anapiga mara moja, kamera inasimamishwa. Inawekwa seti nyingine, anahamia, anapiga tena. Vipande hivyo vikiunganishwa, ngoma zinaonekana kama zinatembea zenyewe. Yaani ni kazi ya upagazi, sawa na kuhama nyumba mara thelathini. Ukitazama tena, usimwangalie Meg. Wafikirie waliokuwa wakibeba.

"Kile cha Lego kilikuwa tangazo la Lego."

Mwaka mmoja kabla, Gondry huyohuyo aliwatengenezea "Fell in Love with a Girl", wimbo usiofika hata dakika mbili. Kwanza aliwapiga picha Jack na Meg wakicheza, kisha picha zile zikajengwa upya kwa vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuchezea watoto, moja baada ya nyingine. Kila mtu aliamini kampuni imelipia. Jack White amesimulia kinyume chake: waliiomba kampuni itoe kiboksi kidogo cha vitofali kiuzwe pamoja na singo, wakakataliwa kwa sababu bidhaa ile, waliambiwa, si ya watu wa zaidi ya miaka 12. Kichupa kilipovuma na kuzoa tuzo tatu za MTV mwaka 2002, kampuni ikarudi na nia mpya. Safari hii Jack ndiye aliyekataa.

Na wale wawili si ndugu. Wenyewe ndio walioeneza kwamba ni kaka na dada, na magazeti yakabeba hivyohivyo. Walioana mwaka 1996, wakaachana mwaka 2000, na jina la White ni la Meg. Jack alizaliwa Gillis akachukua jina la mkewe. Ndoa ilipokufa, bendi ikaendelea.

Tukiwa bado kwao: mlio mzito unaofungua "Seven Nation Army" (2003), ule ambao mashabiki wa mpira huuimba viwanjani bila hata kujua ni wimbo wa nani, si gitaa la besi. Bendi haikuwa na mpiga besi. Ni gitaa la kawaida lililopitishwa kwenye pedali, kifaa cha kukanyaga, inayoshusha sauti oktavu nzima.

Sasa la kwangu mwenyewe. Nilipoona "Californication" ya bendi ya Red Hot Chili Peppers mwaka 2000, kichupa kinachoonekana kama gemu ya video, nilienda kwenye kibanda cha gemu kuuliza kama wanayo gemu ile. Mwenye kibanda akaniambia itakuja wiki ijayo. Haikuja, na isingeweza kuja, kwa kuwa gemu ile haikuwepo. Wanamuziki wale wanaokimbia, kuogelea na kuteleza juu ya theluji walichorwa kwa ajili ya kichupa tu, chini ya waongozaji Jonathan Dayton na Valerie Faris. Hapa vijana wangekuwa sahihi: hii kweli ni kompyuta. Ilipita miaka zaidi ya ishirini ndipo mwaka 2022 mtengenezaji mmoja wa gemu akaunda toleo linalochezeka na kuliweka mtandaoni. Yule wa kibanda sijui nimdai nini.

Bendi hiyohiyo, kwenye "Can't Stop", inavaa ndoo kichwani na kufanya vituko visivyo na kichwa wala miguu. Watu wakasema ni bangi. Kumbe vituko vile vimetokana na kazi za msanii wa Austria, Erwin Wurm, anayewapa watu vitu vya kawaida na kuwataka wasimame navyo kwa dakika moja kama sanamu.

"Anayefumbua mdomo ndiye mwimbaji." Si kwa bendi ya OK Go. Kwenye "Here It Goes Again" ya 2006, kile cha wanaume wanne juu ya mashine nane za kukimbilia, sauti ni ya Damian Kulash lakini anayeigiza kuimba ni Tim Nordwind, mpiga besi. Hakuna kipande kilichokatwa pia: ni mkupuo mmoja wa kamera, waliourudia mara 17. Aliyewapangia hatua ni Trish Sie, dada yake Damian.

Bendi ya Coldplay nayo inasingiziwa. Kwamba "The Scientist" (2002) ni mkanda uliorudishwa nyuma, ni kweli, ila nusu tu. Mkanda ukirudishwa nyuma, midomo nayo hurudi nyuma, lakini hapa maneno ya mwimbaji Chris Martin yanakaa sawasawa na wimbo. Ilimlazimu kujifunza kuyaimba kinyumenyume, kazi iliyomchukua kama mwezi mzima.

Kuhusu "Yellow" (2000), nimesikia wengi wakisema Chris aliwatupa wenzake ili aonekane peke yake. Anatembea ufukweni Studland, kusini mwa Uingereza, kalowa, koti la mvua mwilini, na mwendo umepunguzwa kasi mpaka mawimbi yanaonekana mazito. Bendi nzima ilitakiwa iwepo. Siku ile ilikuwa ya mazishi ya mama yake Will Champion, mpiga ngoma wao.